Kesho Ilunga Atalala Wapi

Feza, mwanangu,

Salamu sitakuandikia, maana leo asubuhi tumekunywa uji wa chungu kimoja na ukalalamika kwamba nimeutia chumvi. Sasa hivi umeenda kuaga watu wa kwaya, na ninavyowajua wale, watakuimbisha mpaka jua liingie. Bon, hiyo inanipa nafasi. Ilunga amelala kwenye mukeka hapa miguuni pangu. Kalamu nimeiomba kwa jirani yetu Mama Kyungu, ambaye ameniuliza mara mbili ninamwandikia nani. Nimemwambia naandikia Leta, serikali yenyewe. Ameogopa, amerudi kwake.

Mambo ya sabuni, ya kufunga valizi, ya kutofua kitenge kipya pamoja na nguo nyeupe, hayo nimeyasema juma lote, mpaka wewe mwenyewe unayamaliza kabla sijafungua mudomo. Hayamo humu. Barua hii ina jambo moja tu. Kesho gari likiondoka hapa kambini Mantapala kukupeleka shuleni Nchelenge, Ilunga atakuwa ndani yake kwenye mapaja yako, ao atabaki mugongoni kwangu?

Utaniambia jambo hilo limekwisha. Nilisema mutoto wako atabaki na mimi nkambo yake, wewe ukajibu, "Ndiyo, mama." Ni kweli ulijibu hivyo. Lakini tangu siku ile jibu lako linanisumbua. Ninapepeta unga, nalisikia. Ninapalilia mihogo, nalisikia. Nimekuwa nikijiambia, lakini mutoto amekubali, unataka nini tena? Halafu najijibu kwamba huyu mutoto hajawahi kunikatalia kitu tangu azaliwe, na mimi ndiye niliyemufundisha hivyo.

Siku tulipokimbia kwetu Kongo, upande wa Pweto, ulikuwa musichana wa meno mapya. Papa yako alirudi kijijini kumuchukua mama yake, akatuambia tutangulie, atatufikia njiani. Hakutufikia. Tuliingia katika matete, mimi na wewe na watu wengine ambao hata majina yao sikuwajua, na watu wenye silaha wakapita karibu kabisa, tukasikia wanabishana juu ya sigara. Nilikubana mudomo kwa mukono. Nilikwambia katika sikio, "Usiseme kitu. Hata ukiumwa na nyoka, usiseme kitu." Nawe hukusema. Nyuma ya pale tukatembea mpaka tukavuka mupaka, wala hukusema kwamba kidole chako cha muguu kilikuwa kimepasuka. Nilikiona siku tulipopewa maji ya kuoga.

Wamama wote walikusifu. Walisema, tazama mutoto wa Mama Feza, ana adabu, halilii mukate, haulizi baba. Nami nikajivuna. Nilikuwa nimepoteza bwana na nyumba na mbuzi, lakini nilikuwa na mutoto ambaye watu wanamusifu. Ndiyo maana sikukuachilia. Yale maneno ya katika matete yalikuwa ya siku moja, Feza. Mimi nikayafanya kuwa sheria ya nyumba.

Ulipoanza shule hapa kambini, nilikukalisha nikakwambia usijibu mwalimu kama hujui Kibemba vizuri, wasije wakakucheka wakasema huyu wa Kongo. Nyamaza, sikiliza, utajua pole pole. Ukanyamaza. Walikuweka na watoto wadogo kwa sababu ya lugha, magoti yako yakapita juu ya meza, nawe kimya. Yule mwalimu wako, kijana mupole mwenye baiskeli, alikuja hapa nyumbani na kofia mukononi akaniuliza kwa heshima ya Kibemba, "Mama mukwai, mutoto huyu masikio yake ni mazima?" Nikasema ni mazima. Hakuniamini. Akakupeleka kiliniki, na yule muuguzi akasimama nyuma yako akanong'ona, "Biskwiti." Ukageuka.

Tulicheka njia yote siku ile, wakumbuka? Mwalimu naye alicheka mpaka akashuka kwenye baiskeli. Nilisimulia habari hiyo kwa kila mutu, nimeisimulia hata kanisani. Sasa hainichekeshi. Mwaka karibu muzima mutu mukubwa alikuwa anafikiri binti yangu hasikii, na mimi niliyejua sababu nikakaa tu, nikaona ni hadithi nzuri.

Kitu kinachoniudhi zaidi ni kwamba mimi mwenyewe sikuishi hivyo. Nilipoanza kwenda Nchelenge kununua chisense, wale samaki wadogo wa ziwani, za kuuza hapa, Kibemba changu kilikuwa cha kuchekesha mbuzi. Nilitaka kumwambia muke mumoja samaki wake ni wadogo, nikamwambia sijui kitu gani juu ya watoto wake, akaniwekea mikono kiunoni. Lakini nilirudi kesho yake. Nilikosea kwa sauti kubwa kila siku, wakanirekebisha kwa sauti kubwa, na leo napatana bei nao wananiita dada. Soko lilinifundisha kwamba mutu anayesema vibaya anafundishwa, lakini anayenyamaza wanamupita. Nililijua hilo, Feza. Nililijua kwa biashara yangu, nikalisahau kila nilipofika nyumbani kwangu.

Halafu mambo ya yule kijana. Jina lake siliandiki, karatasi ni kidogo. Alikuwa analaza magunia yake ya chisense hapo kwa jirani, anasalimia vizuri, anabeba maji ya wazee. Hata mimi nilimupenda. Alipopanda kamyo kwenda upande wa Kasumbalesa na simu yake ikazimwa, sikuona kitu usoni mwako. Mama Kyungu ndiye aliyeona. Alikuja na sahani ya unga ambayo sikumuomba, akakaa, akasema, "Mama Feza, mutoto wako anainama pole pole siku hizi akichota maji." Nilitaka kumurudishia unga wake.

Ulipofika nikakupigia kelele mpaka watu wakatoka nje. Juu ya nini haukusema? Nilisema maneno hayo mara ngapi, juu ya nini haukusema, juu ya nini haukusema. Uliweka ndoo chini ukaniangalia. Hukulia. Ukasema, "Haukuniuliza, mama." Nikaona ni jeuri. Ilikuwa mara ya kwanza kunijibu, na nikakwambia unyamaze.

Bon. Nimesimama kidogo, nimekunywa maji. Ilunga amejigeuza, amenyoosha ule muguu wake kwenye barua, ndiyo maana mustari ule wa juu umepinda.

Siku ulipojaribu kurudi shuleni nataka kuisema pia, kwa sababu hatujawahi kuisema. Walimu walikuwa wamekubali, sheria ya huku inaruhusu musichana aliyezaa arudi kalasini. Ulivaa blauzi nyeupe, nikakusifu. Muchana nikakuona unarudi peke yako katikati ya njia, vitabu umevikumbatia kifuani. Maziwa yalikuwa yametoka, blauzi yote mbele imelowa, na wavulana walikuwa wameona. Hukunieleza. Nilielewa nilipoona vitabu vimelowa.

Mutu mwenye akili angekufunga kitambaa kifuani, akakushika mukono, akakurudisha kesho yake akiwa na mutoto mugongoni, akakaa chini ya dirisha ya kalasi. Mimi nilisema, "Basi, kaa nyumbani." Nilisema kwa upole, ukafikiri nakuhurumia. Nilikuhurumia, ni kweli. Lakini pia nilifurahi, maana shamba lilikuwa linataka mikono na nilichoka kuwa peke yangu. Vyote viwili vilikuwa ndani ya moyo mumoja, nami nilikuonyesha kimoja tu.

Mimi nami walinitoa shuleni hivyo hivyo. Nilikuwa mwaka wa tano. Baba yangu alihitaji mutu wa kugeuza samaki kwenye jua, akasema mbele ya wageni, "Huyu atanisaidia, si ndiyo?" Nikasema ndiyo, baba. Hata leo nikiona mutu amesimama mbele ya ubao na chaki, mikono inaniwasha. Mutu akikuuliza mbele ya wageni hakuulizi. Hilo nililijua tangu utoto, na angalia nilikokuulizia habari ya Ilunga. Mbele ya direktrisi, mukubwa wa ile shule ya Nchelenge.

Lakini ngoja nianze na Ilunga mwenyewe.

Alipozaliwa, nilitoa jina kabla hata hujamuona uso vizuri. Nilisema Ilunga, jina la papa yako, na wakunga wakapiga vigelegele, nani angebisha? Kwetu nkambo anamuita mujukuu mwenye jina la bwana wake "bwana wangu". Ni muchezo, unajua, watu wanacheka, wanauliza kama bwana amekula, kama bwana amenipiga. Mimi nilianza kwa muchezo. Bwana wangu hataki sombe, hataki majani ya mihogo, kama yule wa kwanza. Bwana wangu anakoroma. Bwana wangu amenikojolea. Lakini tangu tuvuke mupaka nilikuwa sijalitamka jina lile kwa sauti ndani ya nyumba, hata wewe hukulisikia kwangu, na ghafula nikawa nalitamka siku nzima na mutu ananiitikia kwa kucheka. Sikutaka kulala bila kulisema. Nikamuchukua alale upande wangu. Ukasema ndiyo, mama.

Nawe ukaanza kuwa dada yake. Ananiita mimi mama, wewe anakuita Feza, kama ninavyokuita mimi. Watu waligundua, wakakutania, ukatabasamu. Mimi niligundua kabla yao. Ningeweza kumurekebisha kwa siku moja, watoto wanajifunza haraka. Sikumurekebisha kwa sababu ilinipendeza. Nakwambia wazi kwa sababu ukiwa mbali unaweza kudhani ni mutoto mwenyewe aliyechagua.

Sasa ile shule. Unajua niliipata kwa bahati, nikienda kununua chisense. Kuna lile gala kuukuu la samaki karibu na kivuko, na pembeni ya ukuta wake niliona vijana wamelala juu ya nyavu jua likiwa limepanda. Nikajua ni wevi, nikashika mufuko wangu. Kumbe kengele ikalia, wote wakaamka, wakanawa uso ziwani, wakatoa vitabu chini ya nyavu wakaingia ndani. Nikabaki nimesimama na mufuko wangu kama mujinga.

Muke mumoja mwenye miwani akatoka akaniuliza nimepotea. Ndiye Bana Mutale, direktrisi. Anasema Kiswahili cha biashara, mama yake alikuwa anauza chumvi mpaka ng'ambo. Akanieleza kwamba ni shule ya serikali, walimu wa serikali, mutihani ni ule ule wa watoto wote, lakini ni ya wale ambao shule nyingine zimewashindwa. Kuna vijana wanaovua usiku, kuna waliofukuzwa juu ya kupigana, kuna wasichana wenye watoto, kuna watu wa kwetu waliopoteza miaka njiani. Watu wa muji wanaiita Shule ya Wachelewa. Nilimuuliza kama jina hilo halimukasirishi. Akasema, "Mama, kuchelewa ni kufika."

Ila kilichonishangaza ni mwezi. Chisense wanafuata taa, na mwezi ukiwa mukubwa taa haiwadanganyi, kwa hiyo mitumbwi haiingii ziwani. Basi shule yao inafuata hivyo. Siku za giza wanaanza wakati vijana wamekwisha kulala kidogo, na masomo ni ya kurudia. Mwezi ukijaa, kila mutu ana usingizi wake, ndipo wanaanza asubuhi mapema na kufundishwa hesabu ngumu na mambo mapya. Maisha yangu yote nimekaa kando ya ziwa hili, na sikujua kwamba shule inaweza kumungojea mutu. Nilidhani mutu ndiye anakimbilia shule, na akianguka, pole yake.

Nikakuleta. Hapo ndipo nataka ukumbuke vizuri, maana mimi nimekumbuka kila siku. Tulikaa kwenye ile benchi, harufu ya samaki bado iko ukutani hata wakipaka chokaa namna gani. Bana Mutale akakuuliza jina lako. Nikajibu. Akakuuliza uliishia kalasi gani. Nikajibu. Akauliza unapenda somo gani, nami sijui kabisa unapenda somo gani, nikajibu hesabu. Akavua miwani yake.

"Mama mukwai," akasema, "huyu binti iko na mudomo?"

"Iko nao," nikasema.

"Basi miye nauliza yeye, hapana wewe."

Ulicheka kidogo, nikakuona. Ukasema, "Ninapenda jiografia." Jiografia, Feza. Umelala nyumbani kwangu miaka yote hii.

Halafu akatupeleka kuona chumba cha watoto, kile cha nyuma, chenye mikeka na lile dirisha linaloangalia ziwa. Kulikuwa na wale wamama wawili wazee wa muji wanaokaa na watoto wakati mama zao wako kalasini, na kengele ndogo inalia ili wasichana waende kunyonyesha, na hakuna muvulana anayecheka kwa sababu nusu yao wana wadogo zao mule ndani. Musichana mumoja alitoka kwenye somo, akanyonyesha, akafuta kifua, akarudi akiwa bado na kalamu nyuma ya sikio. Nilikuona unamufuata kwa macho mpaka mulangoni.

Bana Mutale akakuuliza, "Wako utakuja naye? Kitanda iko."

Hukuchelewa kujibu. Mimi ndiye niliyewahi. Nilisema, "Mutoto anabaki na miye, asome vizuri bila muzigo. Si ndiyo, Feza?" Mbele ya mugeni. Kwa sauti ile ile ya baba yangu.

"Ndiyo, mama."

Yeye hakubishana. Alivaa tena miwani akasema nafasi ya mutoto ataiweka mpaka siku ya kufika. Njiani kurudi nilisema sana, nilisema juu ya bei ya mahindi, juu ya dereva, juu ya kila kitu, ili nafasi ya kimya isipatikane.

Ningeweza kuendelea hivyo mpaka kesho, nikupungie mukono, nirudi ndani na bwana wangu. Lakini juzi muchana ulikuwa unamuogesha nyuma ya nyumba, nami nilikuwa ndani napepeta. Hukujua kwamba niko. Ulikuwa unaongea. Mwanzo nilifikiri kuna mugeni, maana sauti ile siijui. Ulikuwa unamusimulia Ilunga mambo ya ile shule, kidogo Kiswahili, kidogo Kibemba, mambo mengi, bila kupumua. Ulimwambia kuna dirisha, na ukisimama juu ya mukeka unaona mitumbwi. Ulimwambia kuna nkambo mumoja mwenye kitambaa cha njano, yule asimuogope. Ulimwambia kengele ikilia, huyo ni Feza anakuja. Halafu ukamumwagia maji begani ukasema, "Hapana. Huyo ni mama anakuja."

Nilikaa chini na ungo wangu. Nililia, nakwambia. Si kwa sababu ya neno mama tu. Nililia kwa sababu una maneno mengi hivyo, mazuri hivyo, na ulikuwa unamupa mutu wa pekee asiyeweza kukujibia mahali pako.

Sasa usifikiri nimekwisha kujua jibu. Hapo ningefanya kosa lile lile kwa njia nyingine. Hadithi ya kumuogesha mutoto si jibu. Inawezekana ulikuwa unamwaga machozi yako kwa njia hiyo kwa sababu unajua unamuacha. Inawezekana moyo wako unataka kwenda peke yako, usome, ulale usiku muzima, uwe musichana tena kidogo, na unaona aibu kuutamka. Hiyo si dhambi. Nimewaona wamama wa kanisa wanavyotazama wasichana wanaoacha watoto kwa nkambo zao. Waache watazame. Hata mimi, ulipokuwa mudogo, kuna siku nilitamani kukuacha kwa mama yangu nikapande mutumbwi niende Kilwa, kile kisiwa cha ziwa letu, nikae juma moja bila kuitwa na mutu. Sikuwahi kumwambia mutu. Nakwambia wewe sasa.

Ukimuacha, nitamulea vizuri, unajua nitamulea. Na kuanzia kesho atakuita mama, nitamufundisha, hata akinikasirikia. Nitamuleta Nchelenge kila nikienda kununua chisense. Hutasikia kwangu neno la kukuumiza, wala leo wala siku unasherehekea diplome yako.

Ukimuchukua, itakuwa ngumu, sitakudanganya. Utasoma hesabu na mutu anakuvuta nywele. Akiugua homa, siku ya mutihani utakuwa kiliniki. Wale watu wa muji wenye kusema Wachelewa watapata neno lingine la kusema. Na mimi nitabaki katika nyumba hii na sufuria kubwa na mutu mumoja wa kula. Naogopa, Feza. Sikukwambia kwamba naogopa nyumba tupu, nilikwambia kwamba nataka usome bila muzigo. Mutoto huyu kwangu hakuwa muzigo hata siku moja, na nadhani kwako pia hakuwa. Nililitafuta lile neno ili unikubalie.

Lakini hofu yangu ni yangu. Nina Mama Kyungu, atanichosha vya kutosha. Nina shamba, nina soko, nina kwaya ya wamama wanaoimba vibaya. Mutu hafi kwa kula peke yake. Nimewaza hata kuomba kazi kwa Bana Mutale, nikae na wale wazee kwenye mikeka, halafu nikajishika. Hiyo nayo ungeniambia wewe kama unaitaka. Usiposema, siji.

Kalamu inaisha na Mama Kyungu amekuja tena kuichungulia mulangoni. Kwaya nimeisikia imenyamaza, utafika sasa hivi. Barua hii nitakupa mukononi kabla ya kulala, uisome wewe mwenyewe, usinisomee. Usinijibu usiku. Kesho asubuhi, kabla watu hawajaja kuaga, tukiwa sisi wawili tu na yeye, nitakuuliza mara moja na nitafunga mudomo wangu. Utaona jinsi itakavyonitesa. Chukua muda wako, hata dereva akipiga honi.

Nguo za Ilunga nimezifua na kuzikunja. Zimo katika ule mufuko mwekundu, nimeuweka karibu na valizi yako lakini sikuufunga nayo. Ukiuacha pale ulipo, sitauliza kwa nini, na sitalia mbele yako. Ukiubeba, nitalia, nitalia vibaya mbele ya dereva na watu wote. Wewe ubebe tu.

Mama yako